Bagamoyo, Mwisho wa Njia Iliyopita Kwetu

Watu wa kwetu wanaosafiri mpaka Dar es Salaam ni wengi siku hizi. Wengine huenda kwa malori kutoka Lubumbashi, wakipita Kasumbalesa na nchi ya Zambia mpaka Tunduma. Wengine huvuka ziwa Tanganyika na kushukia Kigoma. Wakifika mjini hununua mali yao Kariakoo, hungoja mizigo itoke bandarini, kisha hurudi. Ukiwauliza, "Bahari mmeionaje?", wanajibu kwamba waliiona kwa mbali, nyuma ya ukuta wa bandari. Basi kwa ajili yao tunaandika habari hizi, na kwa ajili ya kila mtu aliyepata siku nne tano za kupumzika asijue aende wapi.

Mji tunaotaka kuwaonyesha ni mdogo, nao ni Bagamoyo, kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilometa 70 hivi kwa barabara ya lami. Hatuusifu kwa weupe wa mchanga wake. Pwani ya Afrika ya Mashariki ina mahali pengi palipo pazuri zaidi kwa jambo hilo. Lakini mtu wa Maniema, wa Tanganyika au wa Kivu akifika Bagamoyo hayuko ugenini kabisa. Njia inayoishia pale ndiyo ile iliyopita mbele ya milango ya babu zetu. Afadhali aende kati ya Juni na Oktoba, maana tangu Machi mpaka Mei ni masika, na mvua ya pwani haimwonei msafiri huruma.

Jambo la kwanza la kutazama ni bahari yenyewe. Sisi tuliozoea ziwa tunadhani maji hukaa mahali pake. Ziwa Tanganyika likichafuka hupiga mawimbi ya kutisha, lakini kesho yake utalikuta limerudi kwenye mawe yale yale. Bahari haina tabia hiyo. Mara mbili kwa siku hujaa, mara mbili hupwa, na saa ya kujaa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kwa kuwa maji hufuata mwendo wa mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani huita bamvua. Kule Bagamoyo ufuko ni tambarare, mteremko wake mdogo, hivyo maji yakipwa huenda mbali hata mgeni anashangaa. Mashua zilizokuwa zinaelea asubuhi, mchana utazikuta zimelala ubavu juu ya mchanga na matope. Anayetaka kuoga awaulize wavuvi kwanza maji yanaelekea wapi, asitegemee akili yake ya ziwani.

Tumeanza na maji kupwa kwa sababu ndiyo yaliyoujenga mji huu, na ndiyo yaliyouangusha. Jahazi halihitaji gati. Huja maji yakijaa, hukaa mchangani maji yakipwa, na watu hushusha mizigo kwa miguu yao. Ng'ambo ya pili, karibu kilometa 40, kiko kisiwa cha Zanzibar, alikohamishia makao yake Sultani Seyyid Said mnamo 1840. Huko Zanzibar walikaa wafanyabiashara Waarabu, Wahindi, Wamarekani na Wazungu, na wote walitaka pembe za ndovu: kwa ajili ya vinanda na mipini ya visu huko Ulaya na Marekani, na kwa ajili ya bangili huko Uhindi. Wao walileta ushanga, nyaya za shaba, bunduki na nguo, hasa ile nguo ngumu ya pamba iliyofumwa Marekani na kuitwa kwa jina la nchi yake, merikani. Wazee wetu walilijua sana neno hilo, hata wale wasiojua Marekani iko upande gani.

Kutoka Bagamoyo njia ilipita Mpwapwa, ikafika Tabora, halafu Ujiji, kilometa 1,200 hivi. Kisha watu walivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Mtowa, wakashika njia ya Kabambare, na kufikia Kasongo na Nyangwe penye mto Lualaba. Huko Kasongo alikaa Hamed bin Muhammed, ambaye sisi sote tunamjua kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905.

Sasa, msomaji, usitembee katika mji huu ukitazama kuta tu. Fikiri kwanza juu ya mabega ya watu. Hakukuwa na gari, wala punda hakuweza kuvumilia ndorobo wa njiani. Kila pembe na kila mtumba wa nguo ulibebwa na mtu. Mpagazi mmoja alibeba frasila mbili hivi, na frasila ni kilo 16. Juu ya mzigo huo aliweka mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Pembe iliyozidi nguvu za mtu mmoja ilifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili. Mbele alitembea kirangozi na bendera, nyuma yake ngoma, kisha mstari mrefu wa watu. Kutoka Tabora mpaka baharini walitumia miezi miwili au mitatu, na njiani palikuwa na njaa, ndui, na watawala waliodai hongo kabla ya kufungua njia.

Wengi wa wapagazi hao walikuwa Wanyamwezi, na walikuwa watu huru. Waliandikwa kazi, wakapatana mshahara wa nguo, na walijua kugoma mshahara usipotolewa. Kwao kijana ambaye hajaona pwani alihesabiwa bado mtoto. Kila mwaka walifika Bagamoyo kwa maelfu mengi, wakajenga vibanda vya majani pembeni ya mji, wakangoja msafara wa kurudi. Kwa miezi kadhaa wageni hao walikuwa wengi kuliko wenyeji.

Pamoja nao walikwenda watu wa pwani waliokuwa walinzi, wapishi na wakalimani. Hao walijiita waungwana, ndio watu huru wenye adabu za mjini. Huku kwetu jina lao likawa Wangwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Lugha tunayoiandika katika ukurasa huu ilikuja kwa miguu yao, ikabadilika njiani kama kitu chochote kinachosafiri sana. Ndiyo sababu mtu wa Bagamoyo akitusikia hucheka kidogo, nasi tukimsikia tunaelewa karibu yote.

Kuhusu jina la mji kuna maneno mengi. Wote hukubali kwamba limetoka katika kubwaga moyo. Lakini moyo wa nani? Waongozaji wa wageni husema ni wa watumwa: walipofika baharini na kuona jahazi, walijua hawatarudi tena, wakaiacha mioyo yao pale. Wengine husema ni wa wapagazi: walipotua mzigo wa mwisho, wakaona bahari, moyo ulitulia kama mzigo uliobwagwa chini. Sisi tunaona maelezo ya pili yana nguvu zaidi. Watumwa wengi waliopelekwa Zanzibar walipitia Kilwa, kusini, wakitoka upande wa ziwa Nyasa. Bagamoyo ilikuwa hasa bandari ya pembe. Na wengi waliokamatwa Maniema hawakuiona bahari kamwe. Walibakizwa njiani, Ujiji na Tabora, wakalima mashamba ya wengine. Hata leo katika miji hiyo, na Dar es Salaam pia, wako watu wanaojiita Wamanyema, ingawa babu zao walitoka vijiji vingi mbalimbali vya nchi yetu na hawakuwa na jina moja.

Hatusemi kwamba watumwa hawakupita Bagamoyo. Walipita, wamefungwa, na ushahidi upo. Sultani Barghash alilazimishwa kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873, na mwaka 1876 alikataza misafara ya watumwa kutoka bara. Hata hivyo biashara iliendelea kwa siri miaka mingi. Lakini kumwita kila Mwafrika aliyefika pale mtumwa ni kumnyima mpagazi mshahara wake mara ya pili. Yule aliyetoka kwao kwa mapenzi yake, akabeba kilo 30 na zaidi kwa miezi mitatu, akarudi na nguo za mahari, naye anastahili kukumbukwa jinsi alivyokuwa. Basi ukiingia katika jengo la karavani, ambalo siku hizi ni makumbusho madogo, au ukionyeshwa Ngome Kongwe na kuelezwa habari ya njia ya chini ya ardhi, sikiliza kwa heshima, kisha uliza: na wapagazi walilala wapi? Swali hili halijawekewa kibao.

Kilometa 5 hivi kusini ya mji yako magofu ya Kaole. Tenga nusu siku, na uende asubuhi kabla ya jua kali. Pale pana misikiti miwili na makaburi karibu 30, mengine yenye nguzo ndefu za mawe ya matumbawe. Msikiti mkubwa unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Mwingereza Neville Chittick alipachimba mwaka 1958. Watu wa Kaole walikula na kupamba kwa bakuli za Kichina, muda mrefu mbele ya Mreno wa kwanza kupita baharini hapo. Kwa hiyo anayesema kwamba pwani hii ilianza kuishi Wazungu walipofika, apelekwe Kaole. Baadaye mikoko na matope viliziba bandari, na biashara ikahamia Bagamoyo. Burton na Speke waliposhuka pwani mwezi wa Juni 1857, walishukia upande huu, wakafika Ujiji Februari 1858. Baadhi ya makaburi bado huzuriwa na Waislamu wanaokuja kuomba, basi sisi Wakristu tutembee pale kama tunavyotaka wengine watembee katika makaburi yetu.

Upande wa pili wa mji, kaskazini, iko misioni. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuja kutoka Zanzibar mwaka 1868, na Padri Antoine Horner alikuwa mkubwa wao. Kuna msalaba karibu na ufuko unaokumbusha kufika kwao, na kutoka huko unapita katikati ya miembe iliyopandwa tangu miaka ya mwanzo. Uvuli wake peke yake unatosha kumlipa mtu nauli. Miaka ile haikuwa myepesi. Kipindupindu kilikuja mnamo 1869 na 1870, na tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Zanzibar na Bagamoyo, kikabomoa karibu kila kitu kilichokuwa kimejengwa. Walianza tena. Utauona mnara wa kanisa la zamani, nyumba kubwa ya Mapadri yenye matao, pango la Bikira Maria, na mbuyu mkubwa ambao shina lake limemeza mnyororo uliofungwa zamani. Kipande kidogo tu kinaonekana. Nyuma yako makaburi ya wamisionari. Soma umri wao juu ya mawe, utaona wangapi hawakufika miaka 30.

Mapadri walikomboa watoto kwa fedha katika soko la Zanzibar, wakawaleta Bagamoyo kuwafundisha dini, kusoma, kulima na kazi za mikono, na walipokua wakawaoza na kuwapa mahali katika kijiji chao. Ilikuwa kazi ya huruma. Lakini tusiipambe kupita kiasi. Sheria za kijiji zilikuwa kali, kengele iliamuru kila saa, na wako waliokombolewa ambao baadaye walitoroka kutafuta maisha mengine mjini au bara. Mtu aliyekwisha kununuliwa mara moja hupima uhuru kwa kipimo chake mwenyewe. Sisi tunaofundisha dini tunafanya vema kuwafikiri hao waliotoka, siyo wale waliobaki tu. Makumbusho ya misioni yana picha zao, tazama nyuso.

Katika mnara ule wa zamani uliwekwa mwili wa David Livingstone, Mskoti na Mprotestanti, mwezi wa Februari 1874. Livingstone alikuwa kwetu Nyangwe mwaka 1871, na tarehe 15 Julai aliona kwa macho yake watu, wengi wao wanawake, wakipigwa risasi sokoni na watu wa misafara. Habari aliyoiandika ilisaidia sana kulifunga soko la Zanzibar. Alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Watumishi wake wakazika moyo wake huko chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba kwa miezi mingi, zaidi ya kilometa 1,500. Majina yao wapagazi hawa tunayo: Susi, Chuma, Jacob Wainwright na wenzao kadhaa. Mwili ukachukuliwa na meli, ukazikwa London tarehe 18 Aprili 1874, Wainwright akiwapo. Susi na Chuma walilipwa na kuachwa, wakaiona Uingereza baada ya mazishi. Huyo Susi ndiye aliyefuatana baadaye na Stanley katika mto Kongo, wakati wa kuanzishwa kituo cha Léopoldville, ndiyo Kinshasa. Wangapi wetu tuliwahi kusikia jina lake shuleni?

Mwezi wa Juni 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe uliondoka Bagamoyo. Padri Pascal, aliyekuwa mkubwa wa kundi la Tanganyika, alikufa njiani mwezi wa Agosti. Wenzake walifika Ujiji Januari 1879. Kutoka ng'ambo ile walivuka wakaja upande wetu: Masanze mwaka 1880, Kibanga 1883, Mpala 1885. Kwa hiyo Mkristu wa Mpala au wa Kirungu anaposimama kwenye ufuko wa Bagamoyo, amesimama mahali ambapo mizigo ya wale Mapadri ilifungwa, nayo pia ilibebwa na wapagazi.

Habari za Wajerumani tutazisema kwa kifupi. Watu wa pwani wakiongozwa na Abushiri bin Salim waliwapinga katika 1888 na 1889, na wakati wa vita hivyo maelfu walikimbilia misioni. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mwezi ule ule Stanley alifika Bagamoyo pamoja na Emin Pasha. Wakafanyiwa karamu, na Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akaanguka kutoka ghorofani na kuvunjika fuvu. Alipona, akarudi bara, na mwaka 1892 akauawa katika nchi yetu. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam, kwa sababu meli kubwa za moshi zilitaka maji marefu, na Bagamoyo maji hukimbia mara mbili kwa siku. Boma lao la 1897 lingali linaonekana. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, na wapagazi hawakuitwa tena.

Mji ukanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikouhifadhi. Milango ya kuchongwa ingali pale, na mwaka 2006 Tanzania iliandikisha njia hii ya kale katika orodha ya mahali inapotaka pakubaliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, ambacho leo huitwa TaSUBa, hufundisha ngoma, muziki na maigizo, na hufanya tamasha kubwa kila mwaka. Jioni nenda soko la samaki, mashua zinaporudi. Samaki hukaangwa pale pale, nawe utakula pamoja na mihogo kwa fedha kidogo. Asubuhi unaweza kupatana na mwenye mashua akupeleke kaskazini mpaka mdomo wa mto Ruvu, penye mikoko na ndege wengi, na viboko pia, wale wale tunaowajua kwetu. Patana bei kabla ya kupanda, wala usipande bila kuuliza habari za upepo. Mwenye siku zaidi na fedha zaidi aendelee mpaka Saadani, mbuga ya taifa inayogusa bahari, ambako wanyama wa porini huonekana karibu na mawimbi.

Na ukipenda kutembea tu, kuna mashamba ya chumvi pembeni ya mji. Watu huingiza maji ya bahari katika viwanja vya udongo, hungoja jua liyakaushe, kisha hukusanya chumvi kwa majembe na kuitia magunia. Sehemu ya chumvi ya pwani hupakiwa kwenye malori na kupelekwa bara.